Doa la Juu ya Kitanda cha Mama

Nyumbani,
Chumba cha mbele, penye cherehani.
Jumapili, 18 Mei

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu kwanza, maana ukiona mwandiko wangu utadhani nimekuja na ugomvi. Ugomvi upo, lakini salamu ni haki yako. Hujambo? Wifi hajambo? Na wale wawili wanaoniita shangazi kwenye simu, wanaendeleaje na shule? Yule mkubwa jino lake la mbele limeshaota? Kwenye picha mliyotuma alikuwa na pengo la kupitisha kidole gumba, Mama akaitazama akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Ameibandika kwenye kioo cha kabati, juu ya ile ya harusi yenu, kwa hiyo wewe na wifi mmeshafunikwa, msinung'unike.

Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha umri wangu kila ninapoinama kutia uzi kwenye sindano. Mpwa wako naye hajambo. Siku hizi tunamwita Mwanasheria, kwa kuwa hakuna neno linalopita mbele yake bila kulitolea hoja. Mwaka huu anamaliza shule, na kama mitihani ingekuwa ni ubishi basi angekuwa wa kwanza.

Kuhusu Mama nitakwambia. Nipe nafasi nianzie mbali kidogo, maana nikianza na mwisho nitashindwa kuandika mengine.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimeikimbia. Mama sasa analala humu humu chumba cha mbele, hatua nne kutoka kwenye cherehani, na masikio yake hayajaugua. Tena kwenye simu ungenikatiza, ungesema dada usijali, nami ningesema haya, tukaagana. Safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho. Muuguzi wa nyumba ya tatu anasafiri kuja huko Alhamisi na ameniahidi kukukabidhi barua hii mkononi.

Mvua za mwaka huu zilianza mwanzoni mwa Machi na hazikutupa hata siku moja ya kuanika. Nguo za wateja nilizitundika kwenye kamba tatu ndani ya chumba hiki, nikawa napita chini yake nimeinama kama mwizi. Viatu vilivyokaa uvunguni viliota manyoya ya kijani. Chumvi iligeuka uji. Gauni jeupe la bibi harusi, nililolishona kwa wiki mbili, lilipata vidoa vyeusi kwenye pindo kabla mwenyewe hajaja kulijaribu, nikalazimika kukata pindo lote na kushona upya. Mtaa mzima ulikuwa unanuka kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Kila nyumba ilikuwa na doa lake darini, kwa hiyo la kwetu halikunitisha.

La kwetu lilitokea chumbani kwa Mama, juu ya kitanda, upande wa kichwa. Mwanzo lilikuwa dogo kama kisahani cha chai. Mwanasheria akapanda juu ya kiti, akalizungushia mstari wa penseli na kuandika tarehe. Jumapili iliyofuata doa lilikuwa limeruka mstari, naye akachora mwingine. Baada ya wiki nne dari ilikuwa na mistari minne, mmoja ndani ya mwingine, na katikati pamekuwa kahawia, kisha vidoadoa, kisha ukungu wenyewe, mweusi, laini kama masizi. Mama akilala chali alikuwa anautazama. Alitutania kwamba wengine wana televisheni.

Usidhani tulikaa tukiutazama pamoja naye. Siku ya kwanza jua lilipochungulia nilimwita Fundi Kimya, yule mwanafunzi wa Baba kwenye kiwanda chake cha useremala, ambaye sasa ana mvi kuliko Baba alivyowahi kuwa nazo. Alipanda juu ya paa, akakuta misumari miwili imeliwa na kutu na matundu yake yanaingiza maji, akaibadilisha na kuziba kwa lami. Aliposhuka alisema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa siku moja. Alisema bati limepona, lakini ukiligonga mahali pale halilii kama kwingine. Ndani kuna kitu kizito kimelala na kimekunywa maji. Afadhali tufungue dari tuangalie.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akasema dari ya mume wake haifunguliwi. Alisema kwa sauti ile aliyotumia kutunyang'anya kiwembe tulipokuwa wadogo, nawe unaijua, haina rufaa. Kimya akakunja ngazi yake akaenda zake. Mimi nikaona ni mapenzi ya mjane. Nilimkumbuka Baba siku anaipigilia dari hiyo, misumari mdomoni, wewe umemshikia ubao na mimi nimeshika taa, naye anatugombeza kwa pua kwa sababu mdomo umejaa. Nikasema nisimchokoze mama wa watu.

Mvua ikakatika wiki ya pili ya Aprili. Nyumba za majirani dari zikakauka, zikabaki na ramani za kahawia tu. Ya Mama haikukauka. Jua linawaka, bati linalia kwa joto, na doa linaendelea kuruka mistari ya Mwanasheria. Ukiligusa lilikuwa la baridi na vidole vinatoka na maji. Ndipo nilipokupigia simu. Unakumbuka? Nilikuuliza, wewe uliyekuwa ukipanda huko na Baba, juu ya dari ya Mama kuna nini? Ulinyamaza kidogo. Nilidhani ni mtandao. Kisha ukasema hakuna kitu, ni vumbi na panya tu.

Nilikuamini. Kwa nini nisikuamini?

Sasa kabla sijakunyooshea kidole, ngoja nitoe la kwangu, nalo nalitoa kwako tu. Wiki ile ile shangazi alimwita Mama akakae kwake siku chache, nami nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nilitaka arudi akute chumba kama cha bibi harusi. Nikausugua ukungu kwa maji ya dawa ya kung'arishia mashuka, ukatoka, macho yakaniwasha siku nzima. Sikusubiri pakauke. Nikanunua rangi nyeupe ya mafuta, ile nzito, kwa kuwa muuza duka aliniapia kwamba inafunika dhambi zote, nikapiga mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine. Mistari ya Mwanasheria ikafunikwa pamoja na tarehe zake. Akalalamika kwamba nimefuta ushahidi, nikamwambia aniondokee. Nikafunga na dirisha siku mbili nzima ili vumbi lisinase kwenye rangi.

Mama aliporudi alisimama katikati ya chumba akawa anageuza shingo huku na huku, kama mtu aliyeingia hoteli kubwa. Akaniombea dua ndefu, akanishika mashavu. Mdogo wangu, siku hiyo nilishona nikiimba. Kumbe nilikuwa nimeyafungia maji mlango wa kutokea, halafu nikamlaza mtu chini yake.

Hazikupita siku kumi. Rangi ilianza kuvimba malengelenge, na ukibonyeza moja linatoa maji ya kahawia. Ukungu ukarudi, safari hii ukipenya pembeni, kwenye maungio ya dari na ukuta. Magamba ya rangi yakawa yanadondoka juu ya mto wake, mbele meupe, nyuma meusi. Nilikuwa nayakung'uta asubuhi kabla hajayaona. Kila nilipomuuliza kama kifua kinambana alisema ni vumbi la mvua. Hakuna kitu kinachoitwa vumbi la mvua, na mimi najua hivyo, lakini nilimwacha nalo kwa sababu jibu hilo lilinifaa.

Tarehe ishirini na nane Aprili, saa nne asubuhi, alikuwa ananisaidia kukunja mashuka. Akaachia pembe zake mbili, akakaa sakafuni taratibu, na midomo yake ikawa ya kijivu. Jirani alitupeleka hospitali kwa gari lake, Mama katikati yetu, akihema kama mtu aliyepandisha mlima. Alilazwa siku tisa na mpira wa hewa puani. Alijikaza kisabuni mbele ya wageni, akawa anawauliza habari za watoto wao kwa ishara, lakini wakishaondoka alifumba macho na kunishika kiganja kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

Daktari wa kifua ni binti mdogo, ungemwona ungedhani juzi tu nilimshonea sare ya shule. Aliniuliza Mama analala wapi, chumba kina dirisha, dari ikoje. Nikamjibu kwa haraka kwamba dari ni safi kabisa, imepigwa rangi mpya mwezi huu huu. Hakunipazia sauti. Aliandika kidogo, kisha akaniuliza, "Na chini ya hiyo rangi kuna nini, mama?"

Tumekua tukiambiwa mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi maradhi ya nyumba nilikuwa nimeyaficha kwa brashi, tena kwa mikono mitatu.

Siku ya nne ya hospitali nilirudi nyumbani mchana kuchukua nguo za kubadilisha. Jua lilikuwa kali. Nikiwa jikoni nachemsha maji nikasikia mlio kama wa turubai linalochanwa, halafu kishindo kilichotikisa vikombe kabatini. Nilipofungua mlango wa Mama, dari ya upande wa kichwa ilikuwa imeshuka chini yote. Vipande vya plaiwudi vimelowa kama mkate uliochovywa kwenye chai, vumbi jeusi linaelea kwenye mwanga wa dirisha, na juu ya kitanda, pale pale anapolaza kichwa na kifua, zimelala mbao sita ndefu. Mto wake ulikuwa chini yake, haukuonekana.

Nilikaa sakafuni. Muda gani nilikaa sitaki kukuambia.

Kimya alikuja, akazitoa moja moja na kuzisimamisha nje ya nyumba, ukutani. Nne zilikuwa za mvule. Zilikuwa nyeusi kwa ukungu, lakini alipopitisha randa kidogo pembeni rangi yake ya asili ikatoka, nzima kabisa. Mbili zilikuwa za mti laini, nazo zimeoza, ukizichoma kwa kidole kinaingia. Hizo ndizo zilizokuwa zikinywa mvua na kuitunza kama godoro, na kuendelea kuitoa kidogo kidogo hata baada ya paa kuzibwa na mbingu kukauka. Wiki baada ya wiki zilikuwa zinamlea Mama ukungu wake.

Kwenye ubao mmoja wa mvule kulikuwa na mwandiko wa Baba, wa ile penseli yake bapa. Aliandika: Mama watoto. Urefu 66. Mabega 20. Kimya alisoma, akavua kofia. Mimi ni fundi cherehani, Kitinda. Nimesoma vipimo vya watu maisha yangu yote, na sikuhitaji kuelezwa hivyo ni vya vazi gani.

Mama tulimrudisha tarehe saba na kumlaza humu mbele. Tulipanga tusimwambie kitu kwanza. Ikawa kazi bure, kwa sababu aliziona zile mbao ukutani kabla hajashuka kwenye gari. Siku ya pili ndipo aliponieleza, kwa vipande, akipumzika katikati ya maneno, na Mwanasheria amesimama mlangoni anasikiliza.

Alisema Baba alipoanza kuugua aliandaa mbao za watu wawili. Zake zilikaa kiwandani, na ndiyo maana siku ya msiba wake tulishangaa jeneza kufika kabla ya shangazi. Za Mama alizipandisha darini, kwa kuwa chini ya bati kuna joto na mbao hukauka vizuri bila kupinda. Kimya mwenyewe hakujua, alidhani zilikwenda na kiwanda kilipouzwa. Mvule aliokuwa nao Baba ulitosha mbao nne tu. Mbili za chini akaweka mti laini, akisema za chini hazionekani. Na aliyesimama kwenye ngazi akazisukuma moja moja kutoka chini, alisema Mama, ni wewe. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Baba akakulisha kiapo usimwambie mtu, hata mimi.

Nikamuuliza kwa nini hakutuacha tufungue dari siku ile Kimya alipotwambia. Akanikumbusha mwiko wa Baba wa kiwandani, ule aliowafundisha wanafunzi wake wote kabla hata ya kushika msumeno: mbao za jeneza zikishashushwa hazipandishwi tena, ukizishusha umeshamwita mwenyewe. Sisi tulikuwa tukiucheka mwiko huo. Yeye hakuucheka.

Kwa hiyo haikuwa mapenzi ya mjane, wala haikuwa dari ya mume wake. Mama alikuwa anaogopa kufa. Alilala chini ya zile mbao, akavuta hewa yake, akakohoa na kunidanganya kuhusu vumbi la mvua, ili zisishuke. Aliponiambia hivyo alikuwa ananitazama kama mtoto aliyekamatwa na kitu mkononi, na Mwanasheria kwa mara ya kwanza hakuwa na hoja. Alikwenda kukaa miguuni pake, akawa anamkanda nyayo.

Sasa ugomvi wangu. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, nawe ukanijibu panya. Kiapo ni kiapo, najua, na Baba alikuwa mgonjwa, ungemkatalia vipi. Lakini Baba ana miaka kumi na moja kaburini, na Mama alikuwa hai chini ya mbao. Neno moja tu lingetosha. Ungesema dada, fungua dari, usiniulize kwa nini, ningefungua. Nimekununia wiki nzima. Nimeshona huku nakutukana kimoyomoyo mpaka nikashonea mkono wa blauzi ya mtu nje ndani, nikaufumua, nikaushonea tena nje ndani.

Kisha nikaliona lile kopo la rangi, bado liko nyuma ya mlango na brashi imekaukia humo. Hasira ikanitoka, ikabaki aibu. Wewe ulificha kwa ulimi, mimi kwa brashi, Mama kwa kifua chake. Hakuna wa kumrushia mwenzake jiwe katika nyumba hii, na aliyelipa ni mmoja.

Daktari amesema mapafu yamekakamaa na hayatarudi kama yalivyokuwa. Ametupa dawa ya kuvuta na nyingine ya maji ya kunywa kwa kijiko, zinamsaidia kwa saa chache. Siku hakutaja, nami sikumlazimisha. Alisema tu kwamba kama kuna ndugu walio mbali si vibaya wakajulishwa. Basi umejulishwa.

Chumba chake Kimya amekiondolea dari yote. Godoro na mto tumechoma. Kuta nimezikwangua na kuzisugua, nikaacha madirisha wazi siku nane, ndipo nikapaka chokaa. Nimejifunza kusubiri pakauke wakati wa kusubiri umeshapita. Ukisimama humo sasa unaona kenchi, zile mbao za paa, na bati, na ile misumari miwili mipya inang'aa. Mama amesema harudi humo, na hakuna aliyembembeleza. Nawe huko ulipo, ukiona doa darini kwako, usimsikilize muuza rangi. Fungua uangalie.

Nimekuja kwenye la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ijumaa Kimya alikuja kumjulia hali. Kisha Mama akamuuliza mbao ngapi zimepona. Akajibu nne. Mama akauliza kama nne zinatosha. Kimya akaitazama kofia yake, akasema kwa vipimo vya mzee hazitoshi, ila yeye anaweza kutafuta mbili nyingine, hilo asilitie moyoni. Mama akasema hataki mbao ngeni. Zilizobaki ndizo alizochagua mumewe. Akanigeukia.

"Lete futi yako," akaniambia.

Nikajifanya natafuta kifungo kilichoanguka. Akanisubiri mpaka nikainuka.

"Vile ni vipimo vya mwanamke aliyekuwa akibeba ndoo mbili," akasema. "Nipime mimi."

Nimewapima mabibi harusi, nimewapima watoto wanaocheka futi ikiwatekenya, nimewapima wanaume wanaobana tumbo ili nisiandike ukweli. Sijawahi kumpima mtu huku nikiomba Mungu niwe nimekosea. Urefu ulikuja inchi sitini na mbili. Mabega kumi na tano. Mabega niliyapima mara mbili, kwa sababu mgongo huo ndio ulionibeba mimi, ukakubeba na wewe, na mara nyingine ukatubeba wote wawili tukigombana juu yake. Nilipomtajia akahesabu kidogo kwa vidole, akamtazama Kimya, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mteja aliyeona kitambaa chake kimefika.

"Zitatosha," akasema.

Kimya akatoka bila kuaga. Nilimwona dirishani akizigeuza zile mbao, upande uliokuwa ukutani ukatazama jua.

Kitinda, njoo. Usitume mtu wala usitume kitu. Najua kazi yako haina ruhusa za ovyo na najua wifi hawezi kuachiwa watoto peke yake, lakini ukiweza kuja na yule wa pengo mlete, amfungulie bibi yake mdomo. Hutaulizwa neno kuhusu mbao. Mama amenitamkia mwenyewe kwamba hana lawama nawe, eti uliahidi ukatimiza, na watoto wanaotimiza ahadi ni wachache. Ya kwangu nimeshayamaliza humu ndani ya barua. Utakapofika nitakupa maji ya kuoga na chakula kama mtu mwingine.

Shangazi anakusalimu, anasema ukirudi umpelekee miwani yake kwa fundi wa huko, kana kwamba mafundi wa miwani wamekwisha huku. Mwanasheria anakusalimu na anasema ana maswali, nimemwambia ayaweke mfukoni. Nilipomwambia Kimya kwamba nakuandikia alibaki amesimama tu, nikahesabu kuwa ni salamu. Nawe nisalimie wifi sana, mwambie blauzi yake niliimaliza kabla ya mvua na iko salama kwenye mfuko wa plastiki. Wabusu wale wawili kwa niaba yangu.

Mungu akulindie nyumba yako, juu na chini, na akukaushie njia mpaka mlangoni petu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna,

Sindano

Tena: Mama ameamka, ameniona naandika. Hakuuliza naandika nini wala namwandikia nani. Ameuliza tu, kutoka huko uliko mpaka hapa ni siku ngapi.